Macho Niliyoyasifia Bure Hjulsta

Mimi Elibariki, mwenye nyumba hii mnayoiona hapa Dodoma, sikubebwa na mtu. Nilikwenda Stockholm na begi moja, nikafagia ofisi, nikasoma, nikapata diploma ya umeme. Niliitundika sebuleni kwetu Hjulsta, kitongoji cha Stockholm, na kila mgeni aliisoma kabla ya kupewa chai. Hata hivyo niliugua, nami nasimulia ili mwingine apate moyo.

Ugonjwa ulianza taratibu. Kichwa kiligonga kila jioni, macho yakatoa machozi na matongotongo. Mke wangu akasema, "Baba Neema, kapime macho."

"Ukoo wetu hatuvai miwani," nikamjibu.

Njiani watu walinipungia mkono, nikapita. Walisema ninaringa. Nilikuwa naringa kweli, lakini pia sikuwaona.

Kisha shule ikatuita. Binti yetu Neema, wa miaka sita, alikuwa haoni ubaoni. Nesi wa shule akasema avae miwani upesi, jicho la kushoto lisije likazembea na kuacha kuona kabisa. Neema akalia. "Baba mbona havai?" akauliza kwa Kiswidi.

"Basi baba naye apimwe, uone," nesi akasema, akanikalisha kwenye kiti cha watoto. Magoti yakakaribia kidevu.

Kibao cha kupimia macho kilikuwa kwenye ukuta wa mbali. Niliona weusi tu. Lakini mtu mwenye diploma hashindwi na herufi. Nikasoma kwa sauti ya kanisani: "A, E, K, K tena, R."

Nesi akamtazama Neema.

"Baba," Neema akasema, safari hii kwa Kiswahili, "ile ni nyumba. Yule ni bata."

Kilikuwa kibao cha picha, cha watoto wasiojua kusoma.

"Mmekujaje hapa?" nesi akauliza.

"Kwa gari."

"Nani aliendesha?"

"Mimi."

"Rudini kwa treni."

Neema alicheka mpaka machozi yakamkauka. Akakubali miwani, kwa sharti kwamba nami nisivue yangu.

Siku tulipoichukua, nilimwona jirani yetu Mrundi, Mama Odette, ng'ambo ya barabara. Nikamwamkia mimi kwanza. Akasimama. "Fundi, leo unaumwa?"

"Nimepona, mama."

Nyumbani Neema akatazama ukuta. "Baba, diploma yako imepinda."

Ilikuwa imepinda kama kofia ya mlevi, tangu nilipoitundika. Na wageni wote wale walikunywa chai wakanyamaza.

Namshukuru Mungu, mke wangu na nesi yule. Wazazi, mtoto akikunja uso kutazama mbali, mpelekeni akapimwe, nanyi mkalie kile kiti. Jicho la Neema sasa ni zima. Diploma iko hapa sebuleni, karibuni chai. Imenyooka, Neema ndiye aliyeitundika.