Sista Dakika

Pale hospitalini walimwita Sista Dakika, na wa kwanza kumwita hivyo hawakuwa wakimsifu. Mgonjwa yeyote akiingizwa mdomo umepinda au mkono umelegea, swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Ilianza saa ngapi?" Ndugu wakijibu "asubuhi," anauliza asubuhi ya saa ngapi. Wakisema "kama saa mbili hivi," anauliza ni mbili na ngapi. Mlikuwa mkifanya nini? Nani alimwona mzima mara ya mwisho?

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Baba yake alikuwa mpiga mnada, mtu wa maneno mengi na koo la chuma, aliyeweza kuuza hata kiti cha miguu mitatu na mnunuzi akaondoka akishukuru. Siku alipopigwa na kiharusi, alikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi hadi alasiri akisubiri barua ya rufaa. Barua ilikuwapo ila haikuwa na muhuri, na mwenye muhuri alikuwa ametoka. Alipofikishwa hospitali kubwa, daktari alitikisa kichwa. "Mngewahi, pengine tungelitoa lile donge la damu." Mzee aliishi miaka sita baada ya hapo, na katika maneno yake yote likambakia moja: "basi." Akitaka maji, basi. Akifurahi, basi. Akilia, basi.

Kwa hiyo binti alipohamishiwa kitengo cha dharura katika hospitali ndogo ya wilaya, alikuwa na jambo lake moyoni. Alitafuta namba ya simu ya daktari wa mishipa ya ubongo kule hospitali kubwa, akaibandika ukutani. Alimwomba dereva wa gari la wagonjwa awe anajaza mafuta kabla ya kwenda kunywa chai, si baada yake. Wenzake walicheka. Yeye akaendelea.

Jumanne moja, saa tatu na nusu asubuhi, aliletwa fundi cherehani wa makamo, mwanamke mnene mwenye sindano tatu bado zimechomekwa kifuani mwa gauni. Upande wa kulia ulikuwa umelala kabisa. Macho yalikuwa wazi lakini neno halitoki. Aliyemleta alikuwa wifi yake, ambaye walishona naye duka moja.

"Amechoka tu, sista," wifi alisema. "Jana alishona mpaka jioni. Mpeni kitanda apumzike, nitamrudisha nyumbani."

"Ilianza saa ngapi, dada?"

"Hata sijui. Nilikuwa nakata kitambaa."

"Redio ilikuwa inasema nini?"

Wifi akafikiri. "Taarifa ya habari ya saa tatu ilikuwa inaanza. Akasema, 'Ongeza sauti.' Ndiyo neno lake la mwisho. Mara nikaona cherehani inaenda yenyewe, inashona hewa."

Saa tatu kamili! Nusu saa tu. Sista Dakika alikuwa ameshashika machela.

Picha ya kichwa ilionyesha kwamba damu haikuvuja, ila mshipa mkubwa wa upande wa kushoto ulikuwa umezibwa. Daktari wa zamu, kijana makini lakini mwoga wa wakubwa, aliagiza sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda. "Hii peke yake haitatosha," alisema. "Donge ni kubwa. Inabidi livutwe kule hospitali kubwa."

"Basi mpigie daktari wao. Namba hiyo hapo."

"Barua ya rufaa kwanza, sista. Na mganga mkuu yuko kikaoni."

"Wewe piga simu. Barua niachie mimi."

Alijaza karatasi ya rufaa, akavuka uwanja kwa mwendo ambao si kutembea wala si kukimbia, akagonga mlango na kuingia bila kungoja jibu. Watu kumi na wawili wakageuka.

"Sista, tuna kikao," mganga mkuu alisema.

"Naona, mkuu, na samahani. Nina mama ambaye ubongo wake unakosa damu sasa hivi. Naomba saini moja. Mkishamaliza kikao mniite mnionye, nitakuja na kalamu yangu."

Mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mganga mkuu alisoma ile karatasi mistari miwili, akasaini.

Aliporudi alimkuta wifi ameng'ang'ania machela. "Eti wataingia kichwani kupitia kinenani! Sista, hawa wanatuchezea?"

"Dada, uzi ukijisokota kwenye bobini, unafanyaje? Unaipiga cherehani nyundo?"

"Hapana. Unafungua kwa chini, unakivuta kile kifundo polepole."

"Ndicho watakachofanya. Mrija mwembamba unapita kwenye mshipa mpaka juu, unalikamata donge, unatoka nalo. Siwezi kukuahidi atapona. Ila tukikaa hapa najua kitakachotokea."

Akamwinamia mgonjwa mwenyewe. "Mama, unanisikia? Twende?" Mkono wa kushoto ukambana vidole mpaka vikauma. Wifi akaiachia machela.

Waliondoka saa nne na dakika thelathini na nane. Mbele barabara ilikuwa ikikarabatiwa, foleni imesimama. Dereva aliwasha king'ora na kupita pembeni juu ya kokoto, huku Sista akipima shinikizo la damu, akiandika, akipiga simu: tumevuka daraja, tumebakiza nusu saa, tufungulieni mlango wa nyuma. Ilipofika saa sita kasorobo walimkuta daktari wa mishipa amesimama mlangoni, glavu mkononi. Hakuna aliyewaambia waanzie dirisha la mapokezi.

Baada ya saa moja hivi daktari alitoka na kipande cha kitambaa cheupe. Juu yake palikuwa na kitu chekundu kinachokaribia weusi, kifupi kuliko ukucha. Sista alikitazama kwa muda mrefu. Alihisi hasira kuliko furaha. Kidude hiki!

Asubuhi iliyofuata wifi alimpigia simu, analia na kucheka pamoja. "Amesema, sista! Ameniuliza, 'Duka... umefunga?'"

Hakupona yote. Vidole viwili vilibaki vizito, na majina ya rangi humpotea, bluu huiita chumvi. Lakini mwezi wa nne baada ya hapo alirudi kwenye cherehani, wifi anakata, yeye anashona mistari iliyonyooka.

Mganga mkuu naye alimwita Sista ofisini. Badala ya onyo, alimpongeza: dakika sitini na nane tangu kupokelewa mpaka kuondoka, haijawahi kutokea.

"Bado ni nyingi, mkuu," alijibu. "Na nyingine zilipotelea getini, kabla sijampokea."

Wiki iliyofuata aliwakusanya walinzi na wafanya usafi kivulini, akajipindisha mdomo na kulegeza mkono, akawauliza, "Mtu akija hivi, mnamwambia nini?"

"Apange foleni," alijibu mlinzi mmoja, na wote wakaangua kicheko.

Sista hakucheka. "Tuanze upya," alisema.