Mguu wa Shangazi na Mbwa wa Machinjioni

Miaka kumi na tisa Shangazi aliosha matumbo ya ng'ombe machinjioni. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Wachinjaji walimpa jina hilo kwa sababu aliwakemea wote sawasawa, mkubwa kwa mdogo, kama watoto wa kaka yake.

Kazi yake ilianza pale ya wanaume ilipoishia. Ng'ombe akishaangushwa, akishachinjwa na kuchunwa, tumbo lilivutwa kwa ndoano mpaka kwenye birika lake la saruji, bado likifuka mvuke. Yeye alilipasua, akamwaga uchafu, akalikwangua kwa kisu kifupi chenye mpini wa mbao mpaka likawa jeupe. Alizoea harufu, alizoea nzi, alizoea kusimama kwenye damu hadi kifundoni. Kitu kimoja tu hakukizoea, nacho ni kuchinja kwenyewe. Dume lilipogoma mlangoni likapigwa, lilipokoroma na kwato kugonga saruji, Shangazi aligeukia ukutani akasema kimoyomoyo, "Mungu wangu, lipumzishe upesi."

"Shangazi unawalilia, na nyama unakula!" wachinjaji walimtania.

"Nakula, lakini sijaua," aliwajibu. "Nyinyi mna lenu la kujibu, mimi nina langu."

Jioni, kabla ya kuvua buti, alikusanya vipande visivyouzika akavitupa nje ya ukuta kwa mbwa. Walikuwa watano. Alipofuta kisu kwa kitambaa chake cha kazi na kukipunga juu ya ukuta, walikuja mbio na kugombana mpaka kutoana damu. Mkubwa wao alikuwa mwekundu, sikio moja limechanika. Wachinjaji walimwita Bosi, maana hakufanya kazi yoyote na alikula wa kwanza.

Sasa, mama yake Shangazi alikufa kwa sukari, na hakufa mzima. Walimkata kidole kwanza. Kisha wayo. Kisha chini ya goti, kisha juu ya goti, kama mtu anayekata muwa ili umwingie mkobani. Shangazi ndiye aliyemwogesha mpaka mwisho. Kwa hiyo siku daktari wa zahanati alipomwambia, "Mama, sukari yako ni kumi na nane," hakusikia kitu kingine. Aliitazama miguu yake miwili chini ya kiti kama mtu anayewatazama watoto wake wakiondoka safari.

"Lazima usogeze mwili kila siku," daktari akasema. "Mpaka jasho litoke."

"Daktari, mimi nasimama kutwa nzima."

"Kusimama siyo kwenda, mama. Hata nguzo inasimama."

Aliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na kutoka jua likizama, nyumbani sufuria zikimngoja. Muda uliobaki ni alfajiri, giza halijaondoka. Nalo giza lilimfaa, kwa sababu alikuwa mnene na hakutaka kuchekwa.

Aliishi na mke wa kaka yake, fundi wa kushona sare za shule, mwanamke mwembamba mwenye mdomo unaokwenda kama cherehani. Kaka mwenyewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana kwa nadra. Wifi aliposikia habari za sukari hakutoa pole. Alikwenda kununua filimbi.

"Hutakimbia peke yako," alisema. "Na tutakuwa na sheria. Fulana nyeupe, wenye pikipiki watuone. Tunakimbia tukiyakabili magari, likija tulione uso. Hakuna kupita uchochoroni. Filimbi shingoni, tochi mkononi. Na mzito anakaa mbele, ili asiachwe."

"Mzito ndiyo mimi?"

"Wifi, ukiwa unakimbia hata konokono anakuomba njia."

Wakaanza. Wiki ya kwanza Shangazi alitapika mara mbili. Wiki ya tatu aliweza kufika shule na kurudi bila kusimama. Mwezi wa pili sketi ikaanza kumteleza kiunoni na wifi akaibana kwa mashine huku akinung'unika kwamba anamfanyia kazi ya bure. Wakati wote huo hakuna mbwa aliyewasumbua. Waliwasikia tu kwa mbali upande wa machinjioni wakibweka.

Kisha muuza chai akapigwa. Alikuwa akiwahi stendi na chupa zake mbili za chai, peke yake, karibu na daraja. Wanaume wawili walimngoja na kipande cha nondo. Walichukua vijisenti alivyokuwa navyo, na wakaona havitoshi. Walimvunja mkono, wakamvunja taya, halafu wakafungua chupa wakammwagia chai yake mwenyewe kifuani. Aliletwa juu ya mkokoteni akapitishwa mbele ya mlango wao. Shangazi aliuona ule uso, na ule mdomo uliokuwa ukijaribu kusema neno na taya halitii.

"Tuache kwa muda," alisema.

"Ukiacha wewe, sukari haitaacha," wifi alijibu. "Tutabaki upande wa shule kwenye taa. Sisi ni wawili na tuna filimbi."

"Nibebe kisu changu?"

"Usithubutu. Kisu ni cha mwenye nguvu. Utakitoa wewe, atakitumia yeye."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Lakini jioni ile alitoka kazini na kisu, kimeviringishwa kwenye kitambaa cha kazi kisimchome. Alfajiri alikichomeka kiunoni chini ya fulana, kikiwa ndani ya kitambaa vilevile, akamwomba Mungu asije akakihitaji.

Taa tatu za barabarani zilikuwa zimezimika. Kisu kilimgonga nyonga kila hatua, na aliogopa wifi atakiona kikitunisha fulana.

"Leo tangulia wewe," akasema.

"Mzito mbele, wifi. Ndiyo sheria."

"Goti linanivuta. Tangulia, nakuona."

Wifi akatangulia hatua kumi, kisha thelathini, mpaka ule weupe wa fulana yake ukawa kama leso gizani.

Kando ya ukuta wa ghala Shangazi alisikia nyuma yake mlio wa kucha kwenye lami, kucha nyingi. Aligeuza tochi akakuta macho yamempangia mstari, yanang'aa. Angesimama, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini hofu haingoji shauri. Alikimbia kwa nguvu zote alizopewa, na mbwa akiona kitu kinamkimbia haulizi ni nani.

Wa kwanza alimrukia kiunoni, palepale penye kisu, akachana fulana. Wa pili alimdaka shavu la mguu wa kushoto. Akaanguka kifudifudi, kidevu kikapasuka kwenye lami, tochi ikabiringika na kubaki ikimulika pembeni. Alisikia meno yakigonga mfupa kabla hajasikia maumivu. Raba ikavutwa ikatoka, na mdomo mwingine ukazama kwenye vidole ukawa unavitikisa huku na huku, kama walivyozoea kutikisa utumbo aliowatupia. Alipiga mateke. Alipiga kwa ngumi. Mmoja alimshika mkono wa kushoto akawa anauvuta kumtoa barabarani.

Akajigeuza chali, na kwenye ule mwanga wa pembeni akaona sikio lililochanika.

"Bosi!" alipiga kelele. "Bosi, ni mimi! Ni mimi!"

Mbwa alimjua. Mkia wake ulikuwa unatikisika. Lakini damu ilikuwa imeshamwagika, na mbele ya damu Bosi hakuwahi kumjua mtu. Alipanda juu ya kifua chake, akafunua meno, akaiendea shingo.

Mkono wa kulia ulikwenda wenyewe. Ulipata mpini, ukachomoa. Miaka kumi na tisa Shangazi alikuwa amegeukia ukutani, lakini masikio hayana ukuta, na siku nyingine macho huchungulia. Alijua mahali. Aliingiza kisu chini ya taya akavuta mara moja kwa nguvu zake zote.

Damu ya moto ilimjaa machoni na mdomoni. Bosi alimlalia, mzito, akikoroma, miguu yake ikipigapiga lami kwa mlio uleule wa kwato kwenye saruji. Wale wanne waliruka nyuma. Halafu, Mungu atusamehe, wakarudi taratibu wakaanza kulamba.

Hapo ndipo filimbi iliposikika, kali na ndefu, ikikaribia. Wifi alifika na jiwe la ukubwa wa mkate, akalishusha juu ya kichwa cha mbwa wa karibu mpaka fuvu likalia. Akaliokota, akapiga tena. Akawa anapuliza filimbi na kupiga, anapuliza na kupiga, mpaka mbwa waliobaki wakatokomea.

"Wifi! Uko hai?"

"Nimeua," Shangazi alisema. "Wifi, nimeua."

Dereva wa gari la mikate ndiye aliyewapakia, katikati ya masanduku ya mikate ya moto, akawapeleka hospitali. Nesi aliweka mguu chini ya bomba akauosha kwa sabuni robo saa nzima, huku Shangazi akiuma kona ya shuka. Akachomwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, akaandikiwa tarehe za nyingine.

"Huyo mbwa alikuwa na kichaa?" nesi aliuliza.

"Alikuwa na njaa," Shangazi alisema. "Nilikuwa namlisha mimi."

Siku ya pili mchinjaji mkuu alikuja kumtazama. Mtu mkubwa yule, ambaye aliangusha mafahali bila kupepesa, alikaa kwenye kiti kidogo na hakujua aweke wapi mikono yake.

"Shangazi, mbwa wale hawajawahi kumfuata mtu njiani. Ulikuwa umebeba nini?"

"Kisu."

"Ulikifunga kwa kitu gani?"

Shangazi akafumba macho. Aliwaona wale mbwa jioni chini ya ukuta, na kitambaa kile kikipungwa juu yao, kimelowa mafuta na damu ya miaka. Kila jioni alikuwa amewafundisha maana yake. Halafu akakifunga kiunoni mwake akaenda kukimbia nacho gizani.

"Niliwaita mwenyewe," alisema.

Mchinjaji mkuu hakumbishia. Alimwekea machungwa mezani akaondoka bila utani.

Siku ya nne vidole viwili vya mwisho vya mguu ule vilikuwa vyeusi. Vikakatwa. Shangazi aliomba asielezwe vinatupwa wapi, kwa sababu alikumbuka alikoanzia mama yake. Lakini wekundu wa kidonda haukukoma hapo. Ulipanda kifundo, ukaanza kupanda mguu, unawaka, ngozi imekaza kama ya ngoma. Siku ya sita daktari wa hospitali alichukua kalamu akachora mstari kuzunguka mguu, chini kidogo ya goti.

"Mama, nitakwambia ukweli. Wekundu ukivuka hapa kabla ya kesho asubuhi, tunakata."

"Sukari yangu ngapi?"

"Nane. Ulikuja zahanati ukiwa na kumi na nane, nimeona kwenye kadi. Ungeletwa hapa na ile kumi na nane, nisingekuwa na haja ya kalamu. Ningekuwa nimeshakata."

Wifi, aliyekuwa kando ya kitanda, akafuta macho kwa kiganja. "Zile mbio za konokono," akasema.

Siku hiyo Shangazi aliomba kwa muda mrefu. Aliogopa kuomba mguu moja kwa moja, akaanza na msamaha. Aliomba msamaha kwa ajili ya Bosi. Aliomba msamaha kwa kumdanganya wifi habari za goti. Aliwaombea hata wale wanaume wa nondo, ingawa hilo lilimtoka kwa shida, kama mfupa kooni. Mwisho akasema, "Sasa, Bwana, unajua ninachotaka." Hakuongeza neno.

Asubuhi alijifunika shuka mpaka usoni. "Tazama wewe," alimwambia wifi. "Mimi siwezi."

Akasikia shuka likiinuliwa miguuni. Kisha kimya.

"Wifi, huo unyamavu wako unaniua."

"Ngoja, napima."

"Unapima nini?"

"Upana wa vidole. Kutoka wekundu ulipo hadi kwenye mstari."

"Uko juu au chini?"

Wifi hakujibu upesi, na Shangazi alijua kwamba mwanamke yule analia, kwa sababu kwa kitu kingine chochote asingeishiwa maneno.

"Chini," wifi akasema. "Vidole vitatu chini, wifi yangu. Jana vilikuwa viwili. Unashuka."

Daktari akaja, akatazama, akabonyeza, akasema maneno mafupi: "Unabaki nao."

Alipoondoka, Shangazi alijiinua kwa viwiko akautazama mguu wake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ulikuwa umevimba, wa rangi tatu, na nyuzi zimekwenda kombo kila upande, kwenye ncha vidole vitatu vimekaa peke yao.

"Mbaya kweli," wifi alisema. "Hata mimi ningeshona vizuri zaidi."

"Mbaya, lakini wangu," alisema Shangazi.

Akanyoosha mkono mpaka ukafika, akabonyeza wayo kwa ncha ya kidole. Ukauma sana. Akabonyeza tena.