Tyubu Kumi na Moja za Gesi Katika Stoo ya Fundi Nyamai

Saa tatu asubuhi jua la Kibwezi limeshapanda juu ya mabati, na Nyamai Musyimi amepiga magoti nyuma ya friza ya mteja. Mkononi ana bisibisi. Hajaitumia. Kwa robo saa sasa anautazama mrija mwembamba wa shaba unaoingia kwenye kompresa, kama mtu anayesoma barua asiyoielewa.

"Fundi, hiyo friza unaitengeneza ama unaiombea?" anauliza Syombua, mwenye friza hiyo. Anauza kuku na juisi ya ukwaju kando ya barabara kuu ya Mombasa. Kuku wake ishirini na wawili wako kwenye beseni la jirani, chini ya barafu inayoyeyuka.

"Kompresa imekufa, mwaitu," anajibu Nyamai kwa sauti ya chini, akimwita mama kwa Kikamba. "Kuibadilisha ni masaa mawili tu."

"Basi si ubadilishe!"

"Shida ni gesi iko ndani."

"Toa!"

"Nitoe niweke wapi?"

Syombua anaangalia kulia, kisha kushoto, kisha juu angani, mahali ambapo kwa maisha yake yote amejua hewa inakwenda.

Nyamai, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ametengeneza friji kwa miaka kumi na tisa. Hakusomea chuo. Alijifunza kwa kuzifungua friji zilizotupwa nyuma ya hoteli moja mjini hapa, akizifungua na kuzifunga hadi alipojua kila kipande kinafanya nini. Na kila mara kazi ilianza vilevile: anakata mrija, gesi inatoka shhh kwa dakika moja, kisha anashika vifaa vyake.

"Hiyo sauti nilikuwa naipenda," anasema. "Ilikuwa inaniambia kazi imeanza."

Mwezi Oktoba mwaka jana alialikwa, pamoja na mafundi wengine, kwenye mafunzo ya siku mbili huko Kiboko. Mkufunzi, Beth Wanjiro, aliwaeleza kwamba ile gesi isiyo na rangi wala harufu ikifika angani hushika joto na kulizuia lisitoke. Kilo moja yake, alisema, hufanya kazi ya zaidi ya kilo elfu moja za gesi ya moshi wa magari.

Nyamai aliandika yote kwenye daftari. Usiku huo alijaribu kukadiria friji alizozifungulia mrija tangu aanze kazi. Alipovuka elfu moja na mia tano aliacha, akalifunga daftari.

"Lori likipita hapa na moshi nyeusi, kila mtu anaona, hata mtoto anaziba pua," anasema. "Yangu hakuna mtu ameiona. Mimi mwenyewe sijaiona. Sasa naambiwa yangu ni mbaya zaidi, na ninaamini, lakini kuamini kitu haujaona ni kazi."

Kuna jambo jingine linalomsumbua. Miaka hii joto limezidi, na watu wa Kibwezi wananunua friji kuliko zamani. Friji zikiongezeka, zinazoharibika zinaongezeka, na yeye anapata kazi. "Jua likiwa kali, mimi ndiyo nakula. Na gesi nikiachilia, jua linakuwa kali. Nimeizungusha hiyo kichwani hadi nikaumwa na kichwa kweli."

Kule Kiboko walionyeshwa mashine ya kufyonza gesi na kuitia kwenye mtungi wa chuma. Inauzwa kama shilingi elfu themanini. Nyamai hulipwa elfu tatu kwa friji moja, na kuna wiki zinazopita bila friji hata moja. Mafunzo yaliisha Ijumaa. Jumatatu asubuhi mteja alileta friji, na Nyamai hakuwa na mashine, na mkono ulikataa kukata mrija.

Ndipo alipotembea hadi kwa mziba pancha kando ya barabara, akanunua tyubu kuukuu za malori.

Aliunganisha mpira kutoka kwenye friji hadi kwenye kinywa cha tyubu, akafungua polepole. Tyubu ilivimba. Aliifunga, akaiandika tarehe kwa chaki, akapima mzunguko wa unene wake kwa tepu ya fundi wa nguo, kisha akaitundika kwenye stoo ya mavuno nyuma ya nyumba. Friji mbili, tyubu moja. Kufikia mwisho wa Januari zilikuwa kumi na moja, nyeusi, zimening'inia kwenye boriti.

Mkewe, Kathini, alidhani ni gesi ya kupikia. "Nililala na bomu miezi mitatu," anasema, akipepeta ndengu uani. "Jirani akija kuomba kiberiti, mimi natoka jasho. Huyu bwana ananiambia, Mama Mwende, hii haiwaki. Sasa gesi isiyowaka ni gesi gani?"

Habari zilienea. Wateja wawili walihamia kwa Ngure, fundi mwingine mjini, ambaye anamaliza mapema na hana maswali. "Hewa ni kubwa," Ngure alimwambia walipokutana. "Wewe na mimi tutaijaza lini?"

Wiki jana ndipo alipochanganyikiwa zaidi. Alizipima tena tyubu zake. Ile ya kwanza, iliyokuwa na mzunguko wa sentimita sitini na mbili, ilikuwa imefika arobaini na nane. Ya pili vilevile imepungua. Alidhani ile ya kwanza ina pancha, akaipeleka kwa mziba pancha, wakaizamisha kwenye maji. Hakuna povu hata moja lililoonekana.

Alimpigia Beth simu. Alimsomea vipimo vyote.

"Fundi, umeweka kwenye nini?"

"Tyubu. Ya lori."

"Mpira unapitisha gesi, fundi. Polepole. Inatoka tu bila kuonekana."

"Kwa hivyo nimekuwa nikiiachilia?"

"Pole sana. Lakini miaka sita nimefundisha, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza utaiweka wapi."

Anaposimulia hayo, Nyamai hacheki. Hajui kama alichofanya kilikuwa nusu ya wema au kazi ya bure. Kathini, kwa upande wake, anajua kitu kimoja: magunia tisa ya ndengu yako uani chini ya turubai, na wingu likionekana anataka stoo yake.

Beth ameahidi kupita Kibwezi Alhamisi akiwa na mashine na mtungi wa chuma. Atafyonza gesi iliyobaki kwenye tyubu zote, pamoja na ya friza ya Syombua. Baada ya hapo Nyamai anataka mafundi wanne wa mji huu wachange na kununua mashine moja, wawe wakizungushiana. Wawili wamekubali. Ngure amesema atafikiria, jambo ambalo Nyamai analihesabu kuwa zuri, kwa kuwa mwezi uliopita alisema hapana.

Leo ni Jumanne.

"Na kuku wangu?" anauliza Syombua. "Wangoje Alhamisi na wao?"

Nyamai anasimama, anajipangusa magoti. Anatazama friza, anatazama mrija ambao angeweza kuukata kwa dakika moja na hakuna mtu ambaye angejua. Kisha anaingia ndani ya nyumba. Friji ya Kathini inasikika ikiburutwa sakafuni.

"Baba Mwende! Unapeleka wapi hiyo?"

"Kwa Syombua. Ni kuazima tu, hadi Alhamisi."

Kathini anaweka ungo chini na kumfuata hadi mlangoni, ambapo friji imekwama kwenye kizingiti, maziwa yake ya jana yakitikisika ndani.

"Alhamisi gani? Hii, ama ya mwezi ujao?" anauliza.

Nyamai anaisukuma friji tena; haitoki. Kathini anatoa maziwa, anayaweka kivulini, kisha anashika upande wa pili wa friji na kuinua.