Binti wa Dada Yangu Katika Hotuba ya Ng'ambo

Mheshimiwa mmoja wa kwetu Kwale alialikwa Ulaya, kwenye mkutano wa watu wanaotetea ndoa na mila za zamani. Huko alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akasema kwamba kijijini Munje alikuwa amemzika msichana aliyemezwa na hoteli za Diani. Alisema uhuru tulioletewa na watalii ndio uliomuua. Watu wakampigia makofi.

Hakutaja jina, lakini hapakuwa na haja. Msichana wa Munje aliyefanya kazi hotelini, akafa, na mheshimiwa akaja mazishini, alikuwa mmoja tu. Alikuwa binti wa dada yangu.

Alikuwa dobi. Kutwa alifua na kupiga pasi mashuka, jioni akarudi kwa mama yake. Figo zilipomharibikia tulianza safari za hospitali za kusafishwa damu, mpaka mwili ukachoka. Siku ya maziko mheshimiwa alifika mapema, akatia udongo kaburini pamoja nasi, akamfariji dada kwa maneno mazuri. Dada alimpenda kwa hilo. Na hata kabla ya hapo alikuwa akimpigia kura, kwa sababu alisema waziwazi kwamba watoto walelewe kwa dini na adabu.

Mimi ni mtangazaji katika redio ndogo ya Ukunda. Kipande cha video cha hotuba ile kilinifikia kwenye simu nikiwa kazini, kimetumwa na watu watatu au wanne kwa mpigo. Nilikisikiliza mara moja, nikakizima. Kipindi cha asubuhi kilikuwa kinaanza, na wasikilizaji walikuwa hawana habari nyingine.

"Amesema kweli," alisema mzee mmoja wa Msambweni aliyepiga simu. "Mabinti zetu wanapotea kule Diani, na sisi tunaona haya kusema."

Mwanamke mmoja akamjibu kwa hasira. "Kama ni kweli, angelisema hapa. Kwa nini atuvue nguo mbele ya Wazungu?"

Kijana wa bara aliyehamia Ukunda akasema mheshimiwa ametuchomea picha, ametuharibia jina, wageni wataacha kuja na hoteli zitafunga. Simu zikaendelea hivyo hadi saa ya habari. Waliomuunga mkono na waliomlaani walikuwa karibu sawa, na wote walikuwa na hakika. Hakuna aliyeuliza yule msichana alikuwa nani, wala alikufa kwa maradhi gani.

Magazeti yakaandika. Runinga za Nairobi zikaweka wataalamu wakabishana. Kisha watu wakaanza kuja Munje. Mwandishi mmoja alimtaka dada aketi karibu na kaburi ili ampige picha. Akina mama fulani wa haki za wanawake wakaja kutoka Mombasa, watu wa heshima kabisa, wakimwomba aongoze maandamano. Walikuwa tayari wametengeneza fulana zenye uso wa binti yake. Dada aliiangalia ile fulana.

"Picha hii mmeitoa wapi?" aliuliza.

"Mtandaoni, mama."

"Nawaomba msiivae."

Jioni ile alinipigia simu akasema anataka kuja redioni, azungumze mara moja tu, asirudi tena. Kesho yake alikuja amevaa buibui lake la kutokea, akaketi mbele ya maikrofoni kama aliyekuja kupimwa na daktari. Sikumuuliza swali lolote. Nilimsalimu hewani, "Shikamoo, dada," akaitikia, akaanza.

"Mwanangu aliuawa na figo," alisema. "Alikuwa akiogopa kuku tangu utotoni mpaka akawa mtu mzima. Mashuka ya nyumbani alikuwa akiyakunja kwa mtindo wa hotelini, mimi nikimcheka. Mengi anayoyasema mheshimiwa kuhusu malezi nayakubali, mpaka leo. Nyinyi mnaomtukana kwa ajili yangu, acheni. Na nyinyi mnaomsifu, mwanangu hakupotea. Alikuwa kazini, kisha akaugua. Basi."

Nikaweka kaswida.

Mheshimiwa aliporejea nchini alikwenda Munje na magari kadhaa, na kamera zikamfuata. Dada alimpokea mlangoni, nami nikiwa nyuma yake.

"Karibu ndani, mheshimiwa. Hawa wenye kamera wangoje nje."

Tuliketi watatu ukumbini. Alionekana amechoka, na nadhani alikuwa na haya ya kweli.

"Dada, maneno yangu yamekatwakatwa," alisema. "Nia yangu ilikuwa kuwahurumia mabinti zetu."

"Sauti niliyoisikia ni yako."

Aliinamisha kichwa. "Basi nisamehe."

"Nimekusamehe, kwa ajili ya Mungu. Ulikuja ukanizikia mwanangu, sijasahau. Lakini wale waliokupigia makofi bado wanaamini uliyowaambia. Rudi ukawaambie kulekule."

"Inshallah," alisema. Alimaliza maji aliyopewa, akaaga.

Nje aliziambia kamera kwamba yeye na familia wamekaa chini na jambo limekwisha. Magazeti yakaandika hivyohivyo. Mimi pia niliisoma habari ile redioni, lakini niliongeza kwamba mama wa marehemu ameomba maneno yasahihishwe yalikosemwa, na kwamba anangoja.

Baada ya wiki chache watu walipata la kubishania jingine. Mheshimiwa amekwisha kusafiri mara kadhaa tangu wakati ule, na hotuba zake hutufikia kwenye simu kama kawaida. Dada huwa hazisikilizi. Hunipigia mimi.

"Amesema?"

"Bado, dada."

"Haya," husema, kisha huniuliza habari za watoto.