Mume wangu alimwambia mama yangu kwamba dini imenikataza kwenda kwake, kisha akanipiga picha mbele ya mti wa Krismasi

Admin, nifichie jina. Majina ya wengine sitayataja kabisa, maana huku Nizwa, Oman, Waswahili tunajuana na kesho nitaulizwa sokoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, Mchaga wa kuzaliwa, Muislamu kwa hiari yangu tangu kabla sijaolewa. Mume wangu ni Muomani, wazee wake walitoka Unguja, anafanya kazi serikalini. Tuna watoto wawili wadogo na huu ni mwaka wa saba naishi naye hapa. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mnaowajua Wachaga mnajua Desemba ni nini kwetu. Awe Mkristo, awe Muislamu, awe hana dini, Mchaga anapanda kwenda nyumbani. Ndipo ukoo unapokaa, wagonjwa wanaonwa, makaburi yanafagiliwa, waliokosana wanapatanishwa. Mimi kanisani siendi na hakuna anayeniambia niende. Mama yangu ana miaka sabini na mbili, na kila mwaka hunitengea mbuzi wangu, akamwita jirani Muislamu aje amchinje, na sufuria yangu haichanganywi na za wengine. Mama Mkristo ndiye anayenilindia dini yangu pale nyumbani! Mume wangu haya yote anayajua. Amekwenda mara mbili, na huyo mbuzi amemla.

Desemba hii iliyopita akaja na mpya. Rafiki zake wamemtania barazani kwamba mkewe kila mwaka anakwenda kula Krismasi. "Mwaka huu hwendi," akaniambia. "Ile si siku yetu. Ntakupeleka pengine, na wewe upumzike." Akaanza kunionesha kwenye simu: mlima wa Jabal Akhdhar kwenye baridi, pwani ya Sur tukaone kasa, au kambi ya mahema mchangani, huko jangwani ng'ambo ya Ibra. Kama vile kwa mama ni hoteli na mimi nimekosa chumba! Nilibisha wiki nzima. Mwishowe akasema, "Mama yako nshazungumza naye mie mwenyewe. Karidhia. Kasema tukastarehe." Nilipompigia mama akasema, "Sawa mwanangu," akakata. Nikadhani ana kazi. Hapo kosa ni langu, ningepiga tena nikamuuliza.

Tukaenda mchangani. Jamani! Kambi imejaa Wazungu waliokimbia baridi ya kwao, na wenye kambi wamewaandalia Krismasi kamili. Mti wa plastiki unakaribia kugusa paa la hema, taa kila mahali, wahudumu wamevalishwa kofia nyekundu, nyimbo zinapigwa kuanzia asubuhi. Nikamwambia, "Baba watoto, si ulisema si siku yetu?" Akacheka. "Ah, haya mapambo tu, habibti. Hebu simama hapo na watoto, taa zinapendeza." Watoto walikuwa wanarukaruka kwa furaha. Nikasimama, nikatabasamu, akapiga picha na kuiweka kwenye status yake.

Kaka yangu ana namba yake. Kesho yake mchana, Krismasi yenyewe, ukoo mzima ukiwa kwenye chakula, kaka akanipigia na kumpa mama simu. Mama hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema hivi: "Mume wako aliniambia umesema mwenyewe, dini yako haikuruhusu tena kukaa na sisi siku hii. Nikanyamaza. Nikasema siwezi kugombana na dini ya mtoto. Leo naletewa picha yako umesimama na mti, unacheka. Kumbe Krismasi huna neno nayo. Neno unalo na sisi." Nilisikia shangazi zangu wakiguna nyuma yake. Simu ikakatwa.

Nilimfuata mume wangu palepale, mbele ya Wazungu na kahawa zao. Hakukana. Akasema, "Nlifikiri nikitaja dini maneno yataisha. Mtu habishani na dini." Yaani dini niliyoichagua kwa moyo wangu, niliyoigombania kwa baba yangu mpaka anakufa, yeye kaifanya kisingizio cha kukwepa utani wa barazani! Nikamwambia ampigie mama aseme kweli. Akakataa. "Ntamtizama vipi usoni? Mie mkwe. Mama yako atasahau, kina mama husahau."

Hasahau. Wiki ya tatu sasa hapokei simu yangu. Kaka ananiambia mama amekoma hata kunitaja, na akiulizwa habari zangu na majirani anasema niko salama, basi. Presha yake imepanda, anatembea na dawa mfukoni. Baba mdogo naye anasema Desemba ijayo ukoo utakaa unijadili, kama mtoto aliyewakana wazazi.

Nikaenda kwa mama mkwe, mtu ninayempenda kwa haki, nikamweleza yote. Akalia na mimi. Kisha akasema, "Kakosa, tena kakosa vibaya. Lakini siri ya mume usiitoe nje, mwanangu. Wakwe wakishamdharau, watakudharau na wewe na wanao." Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira mara mbili, kwa sababu najua hajasema uongo. Kwetu mkwe akishajulikana ni muongo, hiyo hadithi atasomewa mpaka kaburini, na watoto wangu watakua wakiisikia.

Nikisema, nimemvua nguo mume wangu mbele ya ukoo mzima. Nikinyamaza, mimi ndiye niliyemkana mama yangu, na mama yangu hana miaka mingi ya kunisubiri. Nimeshamrekodia ujumbe wa sauti wa kumweleza ukweli mara tatu, nikaufuta mara tatu. Wa nne ninao hapa. Mlio na mama na mlio na waume, niambieni: niutume?