Mlango wa Chumba cha Duara

Baba mdogo wangu ni fundi rangi. Watu humwita Brashi, na ukithubutu kumwita msanii anakuuliza kama unamdhihaki. Kazi kubwa ya maisha yake ni moja tu: chumba cha duara kwenye jumba la makumbusho. Miaka tisa juu ya ngazi, shingo ikamkakamaa, akachora soko zima likakuzunguka pande zote. Ukisimama katikati hujui pa kutokea, maana hata mlango aliuchora. Mkewe alifariki kazi ikiwa nusu, na kwenye ubao wa mlango huo ndipo alipomchora, kimo chake kamili, nyuma ya mafungu ya nyanya. Mama mdogo alikuwa haelewani na kamera. Sura yake nyingine haipo popote.

Mimi nakata tiketi pale. Mwaka jana mkurugenzi akaja na habari zake: ukuta una unyevu, utapigwa rangi nyeupe, ila msihofu, soko lote litapigwa picha liingie kwenye miwani ya kidijitali. Mgeni akivaa, yumo ndani. Akigeuka, soko nalo lipo. Baba mdogo akagoma kuweka sahihi. Walipomshindwa wakanituma mimi, na kwa kiherehere changu nikaenda.

"Baba mdogo, acha ubishi. Ukuta unaoza huo. Kwenye miwani mama mdogo hachuji wala habanduki."

Akasaini. Kwa ajili yangu, si kwa ajili yao.

Picha zikapigwa, mlango ukang'olewa, mafundi wakaupasua kuwa mbao za kukanyagia. Niliwaona kwa macho yangu, nikajiambia, si yumo kwenye miwani?

Siku ya uzinduzi wakamvisha mbele ya wageni. Akaanza kugeuka taratibu, anacheka. "Muuza vyungu huyu! Alikuwa mbishi huyu!" Watu wakapiga makofi. Akageuka tena. Mara ya tatu kicheko kilikuwa kimekwisha, anapapasa hewa.

"Mlango mliufunga?"

"Tuliuacha wazi, mzee," akasema mpiga picha. "Nyaya za taa zilipita pale. Si mlango tu?"

Nikamvua, nikavaa mimi. Soko lote lipo, mpaka jasho la wachukuzi. Palipokuwa na mama mdogo kuna korido, ndoo na fagio, vyote vinaonekana vizuri mno.

Mkurugenzi akasema asilimia tisini na tisa ya kazi imehifadhiwa. Asilimia! Laiti ningemvisha ile ndoo kichwani.

Baba mdogo hakunilaumu. Bora angenitukana. Tulipofika kwake akatoa penseli, akachora mstari, akafuta. Akachora, akafuta.

"Shingo naikumbuka," akasema. "Uso ndio unanitoka. Wewe una macho mazima, mwanangu. Pua yake ilikuwaje?"

Miaka kumi na miwili niliusukuma mlango ule kila asubuhi, kiganja changu begani pake. Sikuwahi hata siku moja kumtazama usoni.