Picha ya Mikono Yetu

Siku ile tulikuwepo mimi na wadogo zangu wawili, wa kike na wa kiume, Bi wa chini, jirani anayekaa vyumba vya chini vya nyumba yetu, sheha anayeusimamia mtaa, mwalimu mzee wa chuo cha Kurani, maafisa wawili wa serikali, mmoja na kompyuta, mwengine na kamera, na watu wa mtaa, waliojaza mikeka yote ya uwanja wa chuo. Nawataja kwa sababu baadaye ilitubidi tukumbuke nani alikuwepo, na mikono yake alikuwa ameiwekaje.

Maafisa walikuja kutueleza mpango wa umeme wa Mji Mkongwe. Kwetu jambo lilikuwa moja tu: paneli ya sola juu ya bati letu. Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa umeme mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na aliifunga kwa mikono yake. Ilikuwa ikiendesha friji ndogo, na ndani ya friji, pembeni ya juisi ya ukwaju ninayouza, ilikaa dawa ya sukari ya Bi wa chini, ile ya sindano, ambayo ikipata joto huharibika. Umeme wa kichochoroni kwetu hukatika bila kuaga.

Bi si ndugu yetu wa damu. Mama alipomfuata baba kaburini, mimi nilikuwa kidato cha pili, nikaacha skuli niwatazame wadogo zangu. Bi alikuwa akipanda ngazi na bakuli la mchuzi, na hakuuliza kama tumekula. Aliuliza kama tumeshiba. Mama alitufundisha tusirudishe chombo cha mtu kitupu, basi nikitafuta chochote: ndimu moja, chumvi kidogo, siku nyengine jani la mrehani. Bi akilipokea bakuli kama nimemletea pilau.

Mkutanoni afisa wa kompyuta alituonesha picha za mapaa. Paneli, alisema, zinaharibu sura ya mji wa kale, kwa hiyo zitashushwa, na umeme wa waya utaboreshwa. Nikanyoosha mkono.

"Samahani, bwana afisa. Kuna mtu alishapima umeme unakatika kwa muda gani kichochoroni kwetu?"

"Utafiti unaendelea, dada."

"Unafanyika wapi, nije niutazame?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwacheni aulize! Umeme ukikatika, barafu yenyewe tunaipata kwake!"

Sikuwa nafanya kejeli. Tangu skuli, somo nililolipenda ni sayansi, na nilitaka kweli kujua wanapima kwa kifaa gani, nani anakisoma. Sheha akasema maswali yote yamechukuliwa. Hakuna aliyeuliza nani anakubali na nani anakataa.

Kisha mwalimu mzee akafunga mkutano kwa dua, kama ilivyo kawaida yetu. Tukanyanyua mikono, viganja juu, tukaitikia amin. Akaomba mvua ya kheri, afya kwa wagonjwa, na viongozi wenye huruma. Kamera ikamulika mara kadhaa. Nikadhani kijana yule anapenda dua.

Baada ya siku chache mdogo wangu wa kike akapanda ngazi mbio na simu mkononi. Picha yetu ilikuwa inazunguka mitandaoni, na chini yake imeandikwa kwamba wakaazi wanaupitisha mpango kwa kauli moja. Tukashuka nayo kwa Bi. Akavaa miwani.

"Ah! Huyu si mimi? Mbona hapa naitikia amin!"

"Ndo ushapitisha mpango hivyo, Bi," nikamwambia.

"Nimepitisha nini? Miye nilikuwa naliombea goti langu!"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikajifunga buibui nikaenda ofisini kwao. Nilimkuta kijana mpole, hakuwa mmoja wa wale waliokuja.

"Lakini dada, picha si inaonesha mikono juu?"

"Anayepiga kura hunyoosha mkono mmoja, kaka. Sisi kila mtu ana miwili. Kwani tulipiga kura mara mbili mbili?"

Akaitazama picha kwa muda. Alianza kutabasamu, akaacha. "Kweli," akasema. "Ila ripoti ishapanda juu."

"Ikishapanda haishuki?"

"Sijapata kuiona ikishuka."

Paneli tuliishusha wenyewe, isije ikavunjwa. Sasa imeegeshwa ukutani nyuma ya kitanda changu. Chupa za akiba za Bi zinakaa kwenye friji ya kituo cha afya, naye anabaki na moja tu, anayoitumia. Hiyo nimeitafutia mtungi. Nimeufunga kitambaa kibichi, nikauweka dirishani unapopita upepo, nikatia ndani kipimajoto. Nimegundua kwamba upepo ukiwa mkavu mtungi hupoa vizuri, na hewa ikiwa nzito ya unyevu haupoi, hata nikirowesha kitambaa vipi. Mdogo wangu wa kiume ananieleza kwa nini, nami namuuliza tena, maana jambo lenyewe tamu. Lakini masika inakuja, na masika hewa yote ni maji.

Juzi Bi alipanda, kwa goti lile lile, na bakuli la mchuzi wa pweza.

"Mwanangu, ushajua kwa nini jua la juu ya nyumba yetu hatuna ruhusa nalo?"

"Bado, Bi."

"Ukijua nambie. Haya, mshashiba?"

Bakuli nimelisuuza, liko juu ya rafu. Ndimu ninazo, na chumvi ninayo. Kila nikilishika nalirudisha pale pale, kwa sababu ninachotaka kumpelekea Bi ni chupa zake zote, za baridi, zimetoka nyumbani kwetu.